Kabati la kwenye mwanya: kikundi cha familia

Da Mkubwa: Habari za jioni wote. Shemeji yenu kaamua kujenga kabati kwenye ule mwanya wa chumbani, kati ya nguzo na ukuta wa nje. Mbao zinakatwa kesho. Mjomba, naomba umkague kabla msumeno haujalia 😅

Shemeji: Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Hesabu ziko tayari. Upana sentimita 124, kimo 240, kina 60. Dari iko 242. Sanduku moja tu, tunalisukuma ndani, kwisha.

Mjomba: Marahaba mkwe. Hiyo 124 umeipimia wapi?

Shemeji: Chini, pale mbele.

Mjomba: Na juu? Na katikati? Na kule nyuma kabisa?

Kitinda: Kimyaaa 😂

Mama: Wewe mtoto, mwache mwenzio apime.

Shemeji: Nimerudi. Mbele chini 124, katikati 122 na nusu, juu 123. Nyuma katikati 120 na nusu. Kumbe ukuta una tumbo!

Mjomba: Kuta zote zina tumbo, lipu inaficha tu. Basi 120 na nusu ndiyo yenye amri, wengine wote mashahidi. Ungekuja na sanduku la 124 lingegoma mlangoni pa mwanya na ungeanza kuchonga ukuta usiku.

Da Mkubwa: Kwa hiyo atengeneze la 120 na nusu?

Mjomba: Hapana mwanangu. 118. Usilazimishe kabati lifanane na ukuta uliopinda. Tengeneza sanduku lililonyooka, dogo kuliko mwanya, kisha pembeni unaziba kwa vipande vyembamba vya mbao. Vile vipande ndivyo vinavyofuata kupinda kwa ukuta. Unasimamisha kipande wima kwa pimamaji, kimeegemea ukuta, unashika penseli pamoja na kijiti chenye upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kijiti kikigusa ukuta na penseli ikichora kwenye kipande, unateremka navyo kuanzia juu hadi chini. Mstari unaotoka ni sura ya ukuta wako. Unakata hapo, unamalizia kwa randa.

Kitinda: Mjomba hii ungetuma kwa sauti, nimeisoma mara mbili.

Mjomba: Soma ya tatu. Vipande hivyo vina kazi nyingine: vinausogeza mlango mbali kidogo na ukuta, ufunguke bila kukwaruza.

Shemeji: Kimo je? 240 chini ya 242 si inatosha?

Mjomba: Utaliunganisha limelala, sivyo? Sasa linyanyue. Linapoinuka, kinachopita karibu na dari si kimo, ni mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu upande wa pili. Kwa 240 na kina 60, mshazari ni kama 247. Litakwama kwenye dari likiwa nusu limesimama, na nyie wawili mmelishikilia.

Da Mkubwa: 😳😳

Shemeji: Aisee.

Mjomba: Fanya sanduku la 230, kina 58. Mshazari unakuwa 237 na kidogo, unapita. Kitako cha sentimita 10 kitengeneze peke yake, kilale sakafuni kwanza, ukisawazishe kwa vijiti pale sakafu iliposhuka. Kabati likishasimama unalipandisha juu yake. Na usifanye moja. Fanya mawili ya 59, uyaunge kwa skrubu yakiwa mahali pake. Unabeba nusu ya uzito, na rafu zinakuwa fupi. Rafu ya mita nzima na zaidi, ubao wa milimita 18, ukiijaza mashuka inabonyea katikati.

Mama: Mimi nauliza la unyevu. Ule ukuta wa nje si ndio unaotoa jasho mvua zikinyesha? Nguo zitanuka ukungu.

Mjomba: Dada umesema la maana kuliko yote. Mkwe, kabati haliponyi ukuta, linaficha ugonjwa tu. Tafuta maji yanakoingilia, tibu, uache ukuta ukauke. Hata ukikauka, usiubandike mgongo wa kabati. Mwanya una kina gani?

Shemeji: 63.

Mjomba: Sanduku 58, mlango karibu 2, zinabaki 3 nyuma za kupitisha hewa. Toboa matundu kwenye kitako na uache upenyo juu, la sivyo hiyo hewa imefungwa jela. Na MDF ya kawaida, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, usiiweke chini kabisa, ikinywa maji inavimba na hairudi. Kitako kiwe cha plaiwudi ya kuhimili maji au mbao ngumu. Ukikata MDF vaa barakoa, vumbi lake si la kuchezea.

Da Mkubwa: Nguo zitaning'inia vizuri kwa 58?

Mjomba: Zitaning'inia. Henga ni kama 45, mabega ya koti yanafika 55.

Kitinda: Na ile soketi ya pale chini kushoto?

Shemeji: Nilitaka kuifunika tu…

Mjomba: Usiizike! Fundi umeme aihamishe, umeme ukiwa umezimwa. Na skrubu za kushikia kabati zisipigwe juu wala chini yake, nyaya mara nyingi zinapita wima kutoka kwenye soketi.

Shemeji: Sawa Mjomba. Nimempigia mkata mbao, kesho asikate. Naanza na ukuta.

Mama: Na zile nguo zilizo kitandani kwenu wiki zote hizi?

Da Mkubwa: Mama!! 🙈