Je, bakteria wote wa tumboni wauawe ili utumbo upone?

Mwalimu wa Kadutu
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Mdogo wangu amehara damu kwa miezi minne. Baada ya kupimwa kwa kamera aliambiwa kwamba hana amiba, kama tulivyodhani, bali ana ugonjwa sugu wa kuvimba na kuchubuka kwa utumbo mpana, na kwamba seli za ukuta wa utumbo hazipashani habari ipasavyo. Jirani yetu muuza dawa anashikilia kwamba ameze antibiotiki kali hadi bakteria waishe kabisa. Mimi nafundisha hesabu, si biolojia, naomba ushauri.

Muuguzi wa Ibanda
Mwalimu, poleni na kuuguza. Ukuta huo ni safu moja tu ya seli, ambazo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli hizo zina vipokezi vinavyowatambua bakteria na kupeleka ishara hadi kwenye kiini, ambako jeni huwashwa ili seli zijilinde na kujikarabati. Wengi hudhani ishara hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na MyD88, protini inayopitisha ishara za vipokezi hivyo, waliumia zaidi utumbo wao ulipochubuliwa kwa kemikali. Na wale ambao bakteria wao walikuwa wameuawa kwa antibiotiki waliumia vivyo hivyo. Mwaka 2007 ikaonekana kwamba njia ya ishara iitwayo NF-kB ikizimwa ndani ya seli za ukuta pekee, seli hufa, bakteria hupenya, na utumbo huvimba vibaya. Kwa hiyo jirani yako, pamoja na nia yake njema, anataka kunyamazisha kengele inayowaamsha mafundi.

Mama wa Bagira
Mbona mimi nilipona kwa antibiotiki ya metronidazoli?

Muuguzi wa Ibanda
Dada, wewe huenda ulikuwa na amiba, na hiyo ni dawa yake. Tena, Mwalimu, hakikisheni choo kimepimwa vizuri kabla ya steroidi yoyote, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa kuwa amiba iliyojificha ikikutana na steroidi, utumbo unaweza kutoboka. Ibuprofeni pia aiepuke: huzuia prostaglandini, ambazo ni ishara nyingine za kuponya ukuta.

Mwalimu wa Kadutu
Ameimeza tangu Jumatatu kwa maumivu ya mgongo. Kesho asubuhi tunarudi kwa daktari.