Majengo ya zamani yanavunjwa katikati ya Kampala: tunajengewa mji au tunafukuzwa?

CherehaniNne
Habari zenu. Jengo letu la Luwum Street, lile la ghorofa moja lenye varanda na nguzo mbele, tumeletewa barua. Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka, linavunjwa, inajengwa akedi, yaani jengo la ghorofa lenye vyumba vya maduka. Mafundi nguo tuko ishirini na kitu mle ndani, mimi nimekaa humo miaka 14. Mwenye jengo anasema ujenzi ukiisha sisi ndio wa kwanza kupewa vyumba, ila kwa kilemba, ile pesa ya kuingilia chumba, na kodi itakuwa mpya.

Sikuja kulia. Nauliza kwa nia njema: haya majumba yanatujengea mji au yanatutoa mjini? Nikitazama kushoto na kulia, kila palipovunjwa pamekuwa viatu, simu na magauni ya China. Fundi aliyerudi simjui.

Mchora_Ramani
Pole sana fundi. Lakini tuambiane ukweli. Ghorofa moja kwenye kiwanja cha katikati ya Kampala ni hasara kwa kila mtu. Choo kimoja watu sitini, nyaya za umeme zimening'inia kama nguo za kuanikwa. Soko la Owino limeungua 2009, ikaungua 2011, ikaungua tena 2013, na bado tunashangaa. Hatuwezi kukaa milele kwenye mabanda ya enzi za Wahindi.

Mimi kinachonikera ni kwamba tunavunja kibaya tunajenga kibaya zaidi. Akedi inapanda ghorofa saba, halafu sakafu inakatwakatwa kwa mbao na vioo, futi tano kwa sita, na ndani mnapangana watu watatu. Hayo si maduka jamani, hayo ni makabati. Mtu mzima anakaa kabatini kutwa nzima anajiita mfanyabiashara.

Hajati_Vitenge
Kabatini?

Hajati_Vitenge
Ngoja nimalize na mteja, narudi kwako.

BodaWaKibuye
😂😂 Mchora Ramani kimbia

Mnubi_wa_Bombo
Wakati Hajati anakunja vitenge vyake, mimi nina neno na huyu kijana. "Mabanda ya enzi za Wahindi." Umewahi kuingia moja ukatazama juu? Dari refu, kuta nene, hewa inapita, na mbele varanda ili mpita njia asipigwe jua wala mvua. Hao Wahindi walipewa siku 90 waondoke nchini mwaka 1972, wakaacha ufunguo mlangoni. Waliobaki wakagawana majengo wenyewe kwa wenyewe, baadaye yakawa chini ya bodi ya serikali, na miaka ya tisini wengi wakarudishiwa, wengine wakauza wakaondoka tena. Yamepita mikono yote hiyo na bado yamesimama. Akedi ya juzi imeshapasuka tiles za ngazi.

Halafu niambie, akedi ina varanda? Inayo. Imekodishwa kwa muuza soksi.

Hajati_Vitenge
Nimerudi. Sikiliza mwanangu. Hilo kabati niko ndani yake tangu 2009. Futi tano kwa sita ulizotaja, umepatia kabisa, nadhani ulikuja kununua ukakosa bei. Nilianza na mwenzangu, yeye upande wa kulia khanga, mimi upande wa kushoto vitenge, katikati tunapishana kwa ubavu. Limesomesha watoto watatu. Wa kwanza yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi, na siku akimaliza, wewe na ramani zako utamwamkia.

Usiniite mtu mzima wa kabatini. Mimi nimelipa kilemba, nimelipa leseni, nimelipa kodi ya serikali, na Aprili 2024 tulipofunga maduka kwa ajili ya ile risiti ya kielektroniki, mimi nilikuwa pale mlangoni. Wewe ulikuwa wapi?

Mchora_Ramani
Hajati, nisamehe, sikukulenga wewe. Nasema kuhusu ubora wa majengo.

Hajati_Vitenge
Ubora wa majengo hauna mdomo. Wewe ndiye uliyesema kabati.

NajjeraRentals
Jamani hata mimi sioni kosa la neno. Kabati ni kabati. Nina vyumba vyangu vidogo vya kupangisha huku Najjera, hakuna hata kimoja cha futi tano. Mkiendelea kulipa pesa kwa kijichumba hicho ndiyo mnawafundisha wenye majengo kukata zaidi. Anayepandisha bei ni mnunuzi.

BodaWaKibuye
Mwenye nyumba ameingia. Kaa chini mzee, kiti cha futi mbili kipo.

Hajati_Vitenge
Wewe wa Najjera, kwani mteja wangu wa Juba anakuja Najjera? Anashuka kwenye basi asubuhi, akitoka hapo anataka kitenge kabla hajanywa chai. Ghorofa ya chini ndiyo hela. Ya pili nusu ya hela. Ya nne hata mhubiri hapandi, na lifti imewekwa kwa ajili ya picha ya ufunguzi tu. Ndiyo maana chini panakatwa vipande, juu kunabaki popo. Mimi sikukata, mimi nilikuta pamekatwa.

MzigoBunia
Ninyi ndugu, mimi si wa Uganda, niko Bunia. Nakuja Kampala kila baada ya miezi miwili. Nawaambia kitu kama mteja. Ninachokifuata kwenu si jengo. Ni kwamba kwa siku moja na nusu, kwa miguu, nachukua vitenge hapa, sabuni na biskuti Kikuubo, vipuri Kisekka, zipu na vifungo kwa mafundi, halafu vyote vinaingia lori moja pale Arua Park na usiku tunaondoka. Mkimtoa wa vifungo mkampeleka Nansana, na wa zipu mkampeleka Nateete, mimi nalala usiku wa pili, nalipa boda mara nne, na faida yangu imekwisha. Itabidi nifikirie Nairobi. Msitazame ukubwa wa chumba, tazameni umbali kutoka chumba hadi chumba.

Isipokuwa mtaro wenu unanuka, hilo lazima niseme.

KyaliwajjalaBoy
Unanuka? Bunia kwenu kunanukia nini, manukato?

BodaWaKibuye
Mtaro wa Nakivubo unanuka kweli, tusijidanganye. Mvua ikinyesha dakika ishirini napita Kikuubo maji yako kwenye injini.

KyaliwajjalaBoy
Ndiyo maana wameanza kuufunika 2025. Juu panakuwa na maduka, harufu imekwisha, hadithi imekwisha.

Mnubi_wa_Bombo
Maji ukiyafunika hayafi. Yanatafuta mlango mwingine, na mlango wa karibu ni duka la mtu.

Kama ni kufunika, tumefunika mengi. Uwanja wa Nakivubo ulikuwepo tangu 1926. Nimetazama mpira pale nikiwa nimekaa begani kwa baba. Ukavunjwa, 2015 nadhani, umerudi una jina jingine na maduka pande zote. Mpira uko katikati kama kisima cha uani.

KyaliwajjalaBoy
2017 mzee, si 2015. Mwaka ule ule walipowatoa watu wa soko la Park Yard, pale kando ya uwanja. Ukafunguliwa tena 2024. Na uko poa, taa, viti, nyasi. Kabla ya hapo mlikuwa mnakaa kwenye zege lililopasuka mkisema ni urithi.

Mnubi_wa_Bombo
Haya, 2017. Na wale wa Park Yard walienda wapi? Wewe mwenye kumbukumbu nzuri nitajie.

KyaliwajjalaBoy
Wengine Owino, wengine soko la Usafi, wengine barabarani. Na Januari 2022 wakatolewa barabarani. Mji lazima uwe na mpangilio mzee, mbona Kigali wameweza?

Mnubi_wa_Bombo
Nilijua Kigali itakuja. Hakuna mjadala wa Kampala usiopitia Kigali.

BodaWaKibuye
Kyaliwajjala unapanga Kampala ukiwa Wakiso, wilaya ya jirani. Sensa ya 2024 inasema Kampala tuko milioni 1.8 hivi, Wakiso milioni 3.4. Mnakuja asubuhi mnatujazia barabara, jioni mnarudi kwenye ua wenu wenye maua, halafu mnatwambia mji uwe na mpangilio. Mimi nimezaliwa Kibuye, huo mpangilio ningekuwa nimeuona.

KyaliwajjalaBoy
Na hao milioni 3.4 wakibaki nyumbani wiki moja, boda yako utambeba nani? Hajati?

Hajati_Vitenge
Mimi usinitaje. Bado naongea na mwenye ramani. Mchora Ramani, uko wapi?

Mchora_Ramani
Niko, Hajati. Nilikuwa kazini. Wacha niliweke vizuri. Mtu anayelipa kama mwenye duka apewe duka: dirisha, njia ya kukimbilia moto ukitokea, choo, mahali pa kushushia mzigo. Nyinyi mnalipa bei ya duka mnapewa kabati. Mimi niko upande wako, na matusi napata mimi.

Hajati_Vitenge
Sasa hilo ungelianza nalo. Mtu anaanza na asali anamalizia na pilipili, wewe umepindua.

Mwanasheria_Mtaani
Samahani kuchelewa. Fundi, kuna sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022. Inahusu maduka pia, si nyumba za kulala tu. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inatakiwa iandikwe kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine. Mna mkataba wa maandishi?

Hajati_Vitenge
Asilimia 10! 😂 Niliwahi kumsomea msimamizi wetu kifungu hicho kwa sauti, watu wamesimama. Akanisikiliza vizuri, akasema "nyabo, kodi sijaongeza hata shilingi, hiyo ni ada ya ulinzi na taka." Ada ikawa kubwa kuliko kodi. Na mkataba nilionao ni risiti na sura yake.

Mwanasheria_Mtaani
Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Bila maandishi...

NajjeraRentals
Na mpangaji anayekaa miezi minne bila kulipa, sheria yake iko ukurasa wa ngapi? Maana wapangaji mna wanasheria mtaani, sisi tuna bomba lililopasuka.

DukaMkononi
Mnanishangaza wote. Mnagombania futi tano, mimi sina hata moja. Nina simu. Napita akedi asubuhi napiga picha, naweka mtandaoni, mteja wa Ntinda anachagua, analipa kwa simu, nachukua mzigo, boda anapeleka. Kilemba sijui kinaandikwaje. Kukaa katikati ya mji kulipia ukuta ni ushamba wa zamani.

Hajati_Vitenge
Kwa hiyo ni nyinyi! Mnakuja "auntie naomba nipige picha kidogo tu," mnavuruga mafungu yangu yote, mnaondoka. Baada ya siku mbili naona kitenge changu kwenye simu ya binti yangu, bei imepanda elfu kumi na tano, na nyuma ya picha mkono wangu unaonekana na pete yangu. Mimi nalipa kodi, ulinzi, taka, wewe unanifanya stoo yako ya bure!

DukaMkononi
Lakini si nanunua kwako, Hajati? Tena bila kuomba upunguze.

Hajati_Vitenge
Umewahi kununua sita tu. Nakukumbuka. Kofia nyekundu.

DukaMkononi
...ilikuwa ya mdogo wangu.

BodaWaKibuye
Banange, leo nimelipia bando kwa faida 😂

Mnubi_wa_Bombo
Supamaketi ya Shoprite ilikuwa na kila kitu, maegesho, baridi ya mashine, ikaondoka 2021. Kikuubo haina hata mahali pa kuweka mguu, ipo. Hapo kuna kitu wachora ramani hawajakisoma.

Mchora_Ramani
Mzee, Shoprite ilipotoka Carrefour iliingia kwenye nafasi zake. Watu wanataka vyote viwili. Tena si lazima kuvunja ndipo uboreshe. Paki ya zamani ya taksi ilifungwa 2020 wakati wa korona, ikatengenezwa, 2021 ikafunguliwa, na ni paki ileile mahali palepale. Jengo la varanda lingeweza kuongezwa ghorofa mbili nyuma, mbele likabaki, na mafundi wakabaki.

KyaliwajjalaBoy
Mwenye kiwanja akitaka saba utamlazimisha mbili kwa pesa ya nani?

Mchora_Ramani
Ndiyo kazi ya mamlaka ya jiji kusema eneo gani linapanda mpaka wapi.

KyaliwajjalaBoy
Haya, subiri hapo na kiti chako cha futi mbili.

MzigoBunia
Narudia: umbali.

CherehaniNne
Nimesoma yote, nimecheka, asanteni. Mwanasheria, mkataba uliisha 2019, tangu hapo tunalipa tu na yeye anapokea. Nitakutafuta kwa ujumbe wa pembeni.

Ila tarehe 30 haisogei, na swali langu sasa limekuwa dogo. Nina sare za shule mbili nimeshapokea nusu ya malipo, muhula unakuja. Kuna anayejua chumba Kisenyi au nyuma ya Nabugabo, cha cherehani nne na meza ya kukatia, umeme usiokatika mchana? Kilemba nisiulizwe zaidi ya miezi mitatu.

Hajati_Vitenge
Fundi, kwenye akedi yetu ghorofa ya nne kuna nafasi. Watu wa nguo hawapandi, lakini sare si watapanda kwa sababu walishalipa? Nije nimuulize msimamizi?

CherehaniNne
Futi ngapi kwa ngapi, Hajati?

Hajati_Vitenge
Usianze na wewe.