Wadruidi ndio waliosimamisha mawe ya Stonehenge?

NyarSeme, Kisumu
Habari zenu wapendwa. Mimi hutembeza wageni pale kwenye mwamba wa Kit-Mikayi, barabara ya Bondo. Jumamosi mgeni Mwingereza aliweka kiganja juu ya jiwe, akafumba macho, akasema anawahisi Wadruidi, wale makuhani wa kale wa Waselti, kama kule Stonehenge, duara la mawe makubwa la Uingereza. Nami nilikuwa katikati ya kumsimulia mzee Ngeso, aliyeshinda pangoni kutwa hata mkewe akiulizwa alipo hujibu: ameenda kwa mikayi wake, yaani mke mkubwa. Nilinyamaza kwa heshima, lakini limenikaa moyoni. Ni kweli walijenga wao? Na zile kanzu nyeupe wanazochorwa nazo?

Mwalimu wa Bunyore
Dada, hawakujenga. Kazi ya Stonehenge ilianza karibu mwaka 3000 kabla ya Kristo, na Wadruidi wanaanza kutajwa katika maandishi zaidi ya miaka elfu mbili baadaye. John Aubrey ndiye aliyekisia karne ya 17 kuwa walijenga wao, kisha William Stukeley akalitolea wazo hilo kitabu mwaka 1740. Stukeley alikuwa kasisi, akawaona Wadruidi kama wacha Mungu wa imani ya Abrahamu! Kanzu ni ya Plinio, Mrumi: kuhani mwenye vazi jeupe anapanda mwaloni, anakata kwa mundu wa dhahabu mmea unaoota juu ya mti. Wachoraji waliokuja baadaye waliishikilia picha hiyo hiyo.

Omwana wa Kakamega
Kuna pia Iolo Morganwg, mwashi wa Wales. Mwaka 1792 alikusanya watu Primrose Hill, London, akapanga mawe duara, akatangaza kuwa hiyo ni ibada ya kale ya Wadruidi. Aliitunga mwenyewe. Lakini tangu 1819 imeingia kwenye tamasha la Eisteddfod, na washairi wa Kiwelisi wanatunzwa humo mpaka leo. Mimi simlaumu sana; lugha yake ilikuwa inadharauliwa.

Mwalimu wa Bunyore
Kaka, mimi namlaumu kidogo. Kaisari, jemadari wa Kirumi, anasema baadhi ya Wadruidi walisoma miaka 20, yote kwa kichwa, bila kuandika mafundisho yao. Kwa hiyo tunawasikia kupitia Warumi waliokuwa wakiwapiga vita. Wazee wetu wa mvua, ukoo wa Nganyi, bado wapo. Ukitaka kujua, unaenda kuwauliza.

NyarSeme, Kisumu
Asante mwalimu. Dani yangu, yaani nyanya, anaisimulia hadithi ya Ngeso tofauti na ninavyowaambia wageni, na sijawahi kumwuliza kwa nini. Jumapili naenda kwake Seme, nitamrekodi kwa simu.