Malindi hadi Haller Park na watoto watatu: siku moja yatosha?

ummu_watatu

Assalaam aleikum wanajamvi. Tuko Malindi, tunataka kuwapeleka watoto Haller Park kule Bamburi, Mombasa, waone twiga na kiboko, tuondoke asubuhi turudi siku hiyo hiyo. Wa kwanza ana miaka 6, wa pili 3, kitindamimba miezi 9. Gari hatuna, tutapanda matatu. Huyo wa pili hutapika njiani. Tuondoke saa ngapi? Mtoto mchanga ale nini? Na kigari cha mtoto kinafaa, ama nimbebe kwa leso?

mwendo_wa_barabara

Wa aleikum salaam, dada. Yatosha, mradi muondoke mapema. Ni zaidi ya kilomita 100 hadi Bamburi, na kinachokula saa ni Mtwapa. Ukiingia pale jua limeshapanda, foleni yaweza kukukalisha na watoto wakaanza kulia kabla hawajaona mnyama hata mmoja. Muwe stendi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Matatu haitoki mpaka ijae, kwa hivyo kufika saa kumi na mbili si sawa na kuondoka saa kumi na mbili.

Wa miaka 6 na wa 3 kila mmoja mlipieni kiti chake. Kumpakata mtoto wa miaka 3 zaidi ya saa mbili ni kumchosha yeye na wewe, na gari likifunga breki ghafla mikono haimzuii. Kaeni safu za mbele. Nyuma kabisa, juu ya magurudumu, ndiko gari hurusha.

Kutapika huja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yanaona kiti kilichotulia. Basi mpe macho kitu cha kuona: akae mahali atakapoiona barabara ya mbele, na asipewe simu. Asisafiri na tumbo tupu, wala asijazwe chai ya maziwa. Nusu hamri kavu, dakika thelathini kabla ya safari, na maji kidogo kidogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo chukua kopo tupu la aiskrimu lenye kifuniko. Akitapika unafunika, na matatu nzima haipati habari.

Mkishavuka daraja la Mtwapa mkumbushe makanga. Lango la bustani liko upande wa bara na nyinyi mtashushwa upande wa bahari, maana yake mtavuka barabara kuu na watoto watatu. Mmoja wenu abebe mtoto mchanga na mfuko, mwingine awashike hao wawili, na ushike kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto vina jasho, huchopoka.

Kurudi hamvuki, magari ya kwenda kaskazini hupita upande wa lango. Shida ni kwamba ya Malindi huwa yamejaa tangu mjini. Msisimame juani mkingojea nafasi nne. Pandeni ya Mtwapa au Kilifi, kisha mbadilishe huko.

nyayo_za_twiga

Upande wa ndani ya bustani. Siku moja kabla, piga simu uulize saa ya kulisha twiga, kwa sababu hiyo ndiyo nguzo ya siku yenu. Vingine vyote vipangwe kuzunguka hapo. Chukueni vitambulisho, ada ya raia si sawa na ya mgeni.

Kulisha twiga kuna namna yake. Mtoto hukunja mkono na kufumbata chakula. Twiga anapokuja na ule ulimi mweusi, wa karibu sentimita 45, mtoto hushtuka na kumwaga vyote. Mfundishe nyumbani: kiganja wazi kama anayepokea maji, vidole vimenyooka, kidole gumba kimebanwa ubavuni. Vipande vichache tu kwa mara moja. Wa miaka 3 weka mkono wako chini ya wake, ulimi ukimgusa asijione peke yake. Akikataa, mwache. Atatazama wa miaka 6 akifanya, na mara nyingi ataomba mwenyewe. Msimsimamishe juu ya ukingo, na msikae ubavuni mwa kichwa cha twiga. Akigeuza shingo hana habari nani yupo.

Kobe wakubwa wale asili yao ni visiwa vya Aldabra, Shelisheli. Watoto hutaka kuwapanda. Hapana. Gamba lile lina mishipa ya fahamu, kobe anahisi. Kumshika gambani taratibu kwatosha, kisha mikono ioshwe kwa sabuni kabla haijagusa mdomo, kwa kuwa kobe hubeba viini vya salmonela hata akionekana safi kama sahani.

Kwa mamba, shika kila mtoto. Mamba aliyetulia kama gogo ndiye anayemfanya mtoto aegemee ili aone vizuri.

Na msipite mbio chini ya mivinje. Bustani yote ile ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti 1971, na majani ya mivinje yakawa yanarundikana tu bila kuoza. Walioyavunja ni jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Mchuchumaze mtoto wa miaka 3 mbele ya jongoo mmoja, amhesabie miguu inavyokwenda kama wimbi, naye atakupa dakika kumi za utulivu ambazo kiboko hakupi. Kiboko mchana ni pua mbili na masikio. Ila asimfinye: jongoo hutoa majimaji yanayotia doa, na yakiingia jichoni yanachoma.

uji_na_leso

Bi Ummu, mtoto wa miezi 9 msimpikie uji asubuhi ukautia kwenye chupa ya chai. Chupa huuweka vuguvugu, na vuguvugu ndiyo joto wanalopenda vijidudu. Saa nne baadaye unampa ugonjwa. Kama ananyonya, mnyonyeshe zaidi siku hiyo. Juu ya hapo chukua ndizi mbivu isiyomenywa, utaiponda papo hapo, na kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake, kiliwe kabla ya adhuhuri. Wakubwa: mahamri na mayai ya kuchemsha. Mbaazi za nazi ziache nyumbani, nazi huchacha haraka kwa joto hili. Maji lita moja kwa wa miaka 6, kidogo pungufu kwa wa 3, na usingoje waseme wana kiu.

Nepi sita. Nguo moja ya ziada kwa kila mtoto, mbili kwa anayetapika. Leso doti moja: kipande cha kumbebea, cha pili ni mkeka, pazia la kunyonyeshea na kivuli.

Kigari kwa safari ya matatu ni mzigo tu. Utakikunja, kitapakiwa juu au utalipishwa nafasi, na bado mtoto atataka kubebwa.

msitu_karibu

Mimi nipingane kidogo. Kwa wa miaka 3 anayetapika, zaidi ya saa mbili kwenda na nyingine kurudi ni nyingi. Gede iko karibu, hata kilomita 20 hazifiki. Mna magofu, na hapo hapo mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga mabuu na kuuza vifukofuko ng'ambo. Nendeni kukiwa na jua, kuanzia saa nne. Kukiwa na mawingu vipepeo hutulia majanini na mtoto haoni kitu. Chakula kifichwe: kima wa Gede huijua ndizi hata ikiwa mkononi mwa mtoto, na mtoto akiing'ang'ania ndipo anapokwaruzwa. Aiachie.

ummu_watatu

Shukran sana nyote. Mume wangu anasema wa miaka 6 ashaahidiwa twiga, hivyo hatuna pa kukimbilia. Je, tuondoke huko saa ngapi?

mwendo_wa_barabara

Saa nane, dada, hata kama hamjamaliza. Kiboko na mamba hulishwa jioni, na hapo ndipo wengi hunaswa: wanangojea, wanatoka pamoja na wafanyakazi wote, na Mtwapa imeshafunga. Ahidini twiga tu. Na mtoto mchanga asilale bustanini baada ya saa saba. Mchezesheni, ule usingizi muuweke kwa ajili ya matatu.