Nimechoka kuishi kwa kukwepa maneno: niushinde vipi woga wa kigugumizi?

Mwulizaji:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina kigugumizi tangu utotoni, lakini wafanyakazi wenzangu wengi hawajui, kwa kuwa nimezoea kukificha. Neno likielekea kukwama nalibadilisha. Nikiulizwa jambo ninalolijua vizuri, najibu kwamba silijui. Hata kwenye daladala, nikiona hakuna mwingine anayeshuka kituo changu cha Bima, nanyamaza hadi kituo cha mbele kisha narudi kwa miguu, ili tu nisilazimike kumwambia konda "Bima, shusha" mbele ya abiria. Sasa imetangazwa nafasi ya usimamizi ambayo naitaka kwa moyo wote, na usaili wake ni wa ana kwa ana. Je, yupo aliyeyavunja mazoea ya namna hii? Alianzia wapi?

Mtaalamu wa tiba ya usemi:
Pole, ndugu yangu, na ahsante kwa kusema waziwazi. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na siwa barafu, yaani pande kubwa la barafu linaloelea baharini: kukwama kunakosikika ni kile kipande kidogo kilicho juu ya maji, na chini yake ndiko uliko woga, pamoja na aibu na kujificha. Kila unapolikwepa neno unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokuaminisha kwamba neno lile kweli lilikuwa la hatari. Ndiyo maana maneno ya kuogopwa huongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usianze kwa kujilazimisha kusema bila kukwama. Anza kwa kuacha kukwepa. Dukani, taja kitu kile kile ulichokusudia, na neno likikwama usiliache: mtazame muuzaji, ulimalize. Lipo pia zoezi la kugugumia kwa makusudi katika neno ambalo lingetoka bila taabu, na wengi hulikataa mwanzoni, lakini anayegugumia kwa hiari yake huanza kuona kwamba jambo alilolikimbia miaka yote linavumilika.

Mchangiaji kutoka Tanga:
Mimi pia nina kigugumizi, na nakubaliana na mtaalamu, ila usitarajie kwamba kila muuzaji atakuwa na subira. Wapo watakaocheka, na wapo watakaokumalizia neno kwa nia njema, jambo ambalo kwangu huuma zaidi ya kicheko. Kilichonifungua ni kutangulia kusema: "Nina kigugumizi, naomba unisubiri nimalize." Ukishalitamka hilo, huna tena siri ya kulinda. Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba pia nduguye Haruni awe msaidizi wake, na kwa Firauni akaenda. Kuomba msaada hakukumpunguzia chochote.

Mwulizaji:
Mungu awabariki. Nikiwaambia wasaili mapema, hawatanihesabu kuwa sifai?

Mtaalamu wa tiba ya usemi:
Siwezi kuwasemea. Ninachokijua ni kwamba anayejitahidi kuficha hutumia nusu ya akili yake kutafuta maneno mbadala, na majibu yake huwa mafupi kuliko ujuzi wake. Waambie katika sentensi ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi, kisha jibu kwa maneno uliyoyataka. Na kabla ya siku hiyo, anza kupokea simu za ofisini.