Namba 2,147,483,647: kijana athibitishe vipi kwa mkono kwamba ni tasa?

MamaWaUmoja
Hamjambo nyote. Niko Umoja, hapa Nairobi. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta, alama zikafika 2,147,483,647 zikakataa kupanda. Akauliza kama hiyo ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na yenyewe. Tangu Ijumaa yuko mezani na kikokotoo: 3, 7, 11, 13... Ameshapita 200 na hakuna inayoigawa bila baki. Jibu liko mtandaoni, najua, lakini anataka kulifikia mwenyewe na sitaki kumvunja moyo. Kuna njia fupi?

FundiProgramu
Mama, kompyuta ilitenga biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Moja ni ya kuonyesha hasi au chanya, zimebaki 31, na namba kubwa zaidi inayoingia humo ni 2^31 − 1 (2 kwa kipeo cha 31, toa 1), ndiyo hiyo ya kijana. Kwa kuwa 31 ni tasa, hiyo nayo ni tasa. Apumzike.

MwalimuKayole
Hapana, ndugu yangu. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Kipeo kuwa tasa ni lazima ila hakutoshi.

Mama, kijana hana haja ya kupita kipeuo cha pili cha namba yake (kile kikizidishwa kwa chenyewe kinaitoa), ambacho hakifiki 46,341. Hata hivyo namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Mwanahisabati Fermat ndiye anayetuokoa: namba tasa yoyote inayoigawa 2^31 − 1, ukiipunguza 1, lazima igawanyike kwa 62. Tazama 23 na 89: punguza 1 upate 22 na 88, zote zinagawanyika kwa 22, mara mbili ya 11. Sharti la pili: ikigawanywa kwa 8 ibaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo, apime tu zile ambazo zikigawanywa kwa 248 zinabaki 1 au 63. Hazifiki 400, na nyingi zinaanguka zenyewe kwa 3, 5 au 7. Mwanahisabati Euler aliithibitisha kwa njia hii mwaka 1772, na mimi kila nikiifundisha nasisimka.

Binti_wa_Hesabu
Ipo pia njia ya wanahisabati Lucas na Lehmer. Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki, kisha rudia na baki hilo. Hatua ni kipeo toa 2; ya mwisho ikibaki 0, ni tasa. Ajaribu na 31, yaani 2^5 − 1: 4, 14, kisha 194 inabaki 8, kisha 62 inabaki 0. Ni tasa! Kwa namba yake ni hatua 29, ila kuzidisha kunafika tarakimu 19 na kikokotoo cha shule kitazikata. Aandike kwenye karatasi.

MamaWaUmoja
Mwalimu, asante sana. Amechagua ya Euler. 311 imebaki 35, 1,303 imebaki 226. Sasa yuko kwenye 1,489 na chai imepoa.