Dola 120 kwa roboti isiyojua kufuta oda, halafu fundi anasema kosa ni kuran (umeme) ya kwetu

Bandugu wa humu, leo sina salamu ndefu. Hasira ninayo tangu Ijumaa, nyumbani wamechoka kunisikia, basi nawaletea ninyi.

Niko Lubumbashi, Katuba. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, nafasi ikipatikana nacheza bei ya dhahabu kwenye MetaTrader 4, programu ya kununua na kuuza sokoni. Mchezo wangu ni mmoja: mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi Wamarekani wanatangaza takwimu za ajira. Dakika tano kabla, naweka bai stopu mbili (oda za kununua zinazosubiri bei ipande mpaka hapo) dola 5 juu ya bei, na seli stopu mbili (za kuuza, zinazosubiri ishuke) dola 5 chini yake. Bei ikipanda, bai zinaingia na seli zote mbili lazima zifutwe. Ikishuka, kinyume chake. Kwa mkono hauwezi, dakika ile bei inaruka kama panzi. Ndiyo nikatafuta fundi aniandikie roboti, programu ya kuweka na kufuta oda yenyewe.

Dola 120, nusu mbele. Kwanza akaniletea skripti. Jamani! Skripti unaitupa kwenye chati, inafanya kazi mara moja, inajiondokea. Kitu cha kulinda oda kinatakiwa kikae pale pale, kiamke kila bei inapocheza. Tukagombana, akarudi na roboti kweli, nikammalizia makuta yake. Hapo kosa ni langu: nilimlipa yote akiwa amenipa faili la ex4 tu, lile lililofungwa, ndani hausomi kitu.

Mwezi wa nne roboti ikaweka oda saa 15:25. Habari ilikuwa imetoka saa 14:30! Saa yetu haisogei mwaka mzima, lakini Wamarekani wanasogeza yao mbele mwezi wa tatu na kuirudisha mwezi wa kumi na moja. Yeye aliandika saa ya baridi yao akaiacha hapo. Nikanyamaza. Saa ilikuwa kwenye mipangilio, nikaibadilisha mwenyewe.

Sasa Ijumaa hii. Bei ikapanda, bai zangu mbili zikaingia. Seli moja ikafutwa. Ya pili ikabaki imekaa palepale kama mgeni asiyeaga. Bei ikageuka, ikanitoa kwenye bai zote mbili, ikaendelea chini mpaka ikaamsha ile seli, halafu ikapanda tena ikanitoa na huko. Loti 0.05 kila oda, yaani aunsi 5 za dhahabu, stop losi (pale hasara inapokatwa) dola 9 za bei: bai mbili ni dola 90, seli ni 45. Zile 90 sidai, hizo ni zangu mimi na soko. Hizi 45 ni zake yeye.

Nikampigia. Jibu: «Yaya, ni kuran ya Katuba, roboti ililala.» Mudogo wangu, ni kweli oda zinazosubiri zinakaa kwenye seva ya broka (kampuni inayonipitisha sokoni) na roboti inakaa kwenye mashine yangu, kwa hiyo kuran ikienda oda zinabaki bila mlinzi. Hilo nalijua kuliko wewe, ndiyo maana nilinunua betri. Jarida la MetaTrader, lile daftari lake la matukio, la siku ile halionyeshi hata sekunde moja ya kukatika. Na kama ililala, nani aliyefuta seli ya kwanza?

Nimegomba siku tatu ndiyo akanitumia mq4, faili lililo wazi, linalosomeka alivyoandika. Mimi si fundi, ila binamu yangu anasoma hayo mambo, akaifungua akacheka. Roboti inazihesabu oda kuanzia sifuri kwenda juu, na inazifuta hukohuko ikihesabu. Fikiria foleni ya bidoni kwenye bomba. Ukiondoa bidoni ya tatu, ya nne inasogea inashika nafasi ya tatu. Wewe tayari unaangalia nafasi ya nne: hakuna kitu, unajiambia kazi imeisha. Na yeye kweli aliandika hivyo, akishapita mara moja anaweka alama ya kazi imekwisha na harudi tena! Dawa yake ni kuhesabu kutoka nyuma, OrdersTotal (jumla ya oda) kutoa moja, unashuka mpaka sifuri. Mstari mmoja, bandugu.

Tena kuna oda yangu ya euro, bai limiti (ya kununua bei ikishuka) niliyoweka kwa mkono Jumatatu. Nayo ilifutwa siku hiyohiyo, nikadhani ni broka. Kumbe roboti haiangalii jina la soko wala majiki namba, ile namba ya kujua oda zake ni zipi. Inafuta kila kinachosubiri kwenye akaunti. Au tuseme, inafuta kila kinachosubiri isipokuwa kile kinachotakiwa kufutwa.

Sitaki dola 120 zote, alikesha kidogo, najua. Nataka 60 pamoja na hizo 45. Nimemwandikia hivyo juzi, alama mbili za bluu, halafu akanifungia.

Kama na ninyi mmenunua roboti ya oda nne kwa kijana wa hapa mjini, ikawa inaacha oda moja kila mara, mdai mq4 leo, muangalie hesabu inaanzia wapi. Jana nimeliona tangazo lake kwenye grupu nyingine, picha ni ya chati yangu mimi, ya mwezi wa tatu niliposhinda kwa mkono. Bei sasa ni dola 200.